Nimeacha mekapu. Siumwi, sijafiwa, sijaachika, sijaokoka. Mbona watu wa Kigoma hamniamini?

BintiWaMwanga (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni. Nipo hapa Kigoma mjini, Mwanga, nafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Kwa miaka mimi nilikuwa wale wa uso kamili: foundesheni, poda, nyusi zimetindwa zikachorwa upya, wanja juu na chini, lipstiki. Siongelei siku ya harusi, naongelea Jumatatu ya kawaida. Mwaka huu nimeacha. Sikuweka nadhiri wala nini. Foundesheni iliisha, sikununua nyingine, siku zikaenda.

Kilichonileta hapa ni maswali. Bosi kaniuliza kama nina malaria. Mlinzi wa getini kanipa pole, nikamuuliza pole ya nini, akasema "pole tu dada." Shangazi yangu wa Ujiji aliona picha niliyoweka WhatsApp akanipigia, anauliza kwa sauti ya chini kama mume wangu kasafiri au kaondoka. Mama mmoja wa kanisani akanikumbatia: "Bwana asifiwe, nilijua tu utaokoka." Jirani yangu ndiye hakuzunguka, huyo nampendea hilo: "Mwenzangu, hali imekuwa ngumu kiasi hicho?"

Yaani malaria, msiba, ndoa, wokovu, ufukara. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba labda nimechoka kuamka saa kumi na moja alfajiri nikakae mbele ya kioo.

Sijaja kuwaponda wanaojipodoa. Dada zangu wote wanajipodoa na wanapendeza haswa. Nauliza kitu kimoja: kwa nini uso wa mwanamke ambao haujapakwa kitu lazima uwe na maelezo?

Jembe la Gungu:

Hongera dada. Sisi wanaume tunapenda mwanamke wa asili. Mekapu ni utapeli tu, unalala na huyu unaamka na mwingine. Endelea hivyo hivyo.

Nimekaa Dirishani:

Ngoja wajuzi waje. Nina kahawa yangu hapa.

Mpambaji Ujiji:

Jembe, kaka yangu, mimi napamba watu, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Hebu nikuibie siri. Wateja wengi wanakuja na picha kwenye simu: "Dada nipake ya asili, kama huyu." Huyo "wa asili" kapakwa praima, kawekewa konsila chini ya macho, foundesheni za rangi mbili zimechanganywa mpaka zikapata rangi yake, nyusi zimechorwa unywele mmoja mmoja, wanja umepakwa ukapanguswa ubaki kivuli tu. Inanichukua muda mrefu kuliko ile ya bibi harusi yenye kope za kubandika na vimetameta. Wewe unapenda mekapu ambayo huioni. Ukiiona ndiyo unaiita utapeli.

Na kingine niseme kwa faida ya wote, maana nimechoka kusikia "mekapu haimpendezi fulani." Mara nyingi ni rangi siyo yake. Mwanamke mweusi ti anaingia dukani, anakuta foundesheni zilizobaki ni za watu maji ya kunde, anauziwa hiyo hiyo, anatoka kijivu. Rangi ijaribiwe kwenye taya, siyo nyuma ya mkono, halafu utoke nje juani ujitazame. Taa za dukani zinadanganya. Na joto letu la ziwani hili, jasho linatoka hata umekaa, ukipaka tabaka nene inakatika kabla bwana harusi hajafika ukumbini. Paka kidogo, subiri, ongeza kidogo.

Halafu ile ya picha za usiku, uso mweupe shingo nyeusi: kuna poda za kumalizia zenye silika, na krimu za kukinga jua zenye zinki au titani, zinarudisha mwanga wa flashi. Kwa macho bibi harusi kapendeza, kwenye albamu mzimu. Kabla mteja hajaondoka mimi nampiga picha ya flashi kwanza.

Mleta uzi sikulaumu, ingawa wateja wa aina yako wakizidi nitarudi kuuza vitumbua. Na mimi siku ambayo sina kazi sipaki kitu. Ila nikikutana na wateja sokoni Mwanga nipo hivyo, naona kabisa wanavyoniangalia: mpambaji gani huyu mwenyewe hajapambika?

Jembe la Gungu:

Sasa dada ndiyo kunivunjia heshima mbele za watu?

Kinyozi wa Katubuka:

Naomba kuingia kwa ruhusa ya wakuu. Mimi nina kiti na mashine, wateja wangu ni wanaume. Anakuja mtu, ananyoa, halafu anasema "fundi nipige blaki." Hapo ni rangi nyeusi kwenye ndevu na kwenye mstari wa mbele, ule mstari ambao Mungu hakuuchora hapo. Baadaye skrabu, baadaye barakoa ya uso, baadaye mafuta. Anakaa kwenye kiti kuliko mke wake anavyokaa kwenye kioo. Akisimama anajitazama, anatikisa kichwa, halafu anaanza kuniambia wanawake wa siku hizi ni feki.

Jembe sijui kama ni wewe au nakufananisha.

Mama Dagaa Kibirizi:

Mimi naanika dagaa mwaloni Kibirizi. Nimesoma uzi wote nikaona niandike, mtanisamehe herufi.

Kipindi cha giza boti zinarudi alfajiri, tunapokea mzigo, tunaanika, tunageuza, tunafukuza kunguru. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi, maana taa zao hazivuti samaki, ndipo tunapumzika. Sasa mimi siku za kazi, kabla sijatoka nyumbani, napaka poda, natia wanja, napaka lipstiki nyekundu ile nyekundu kweli. Nyusi natinda mwenyewe na wembe. Wenzangu walikuwa wananicheka: "Unampakia nani, dagaa?" Wengine wakasema ni wavuvi. Mume wangu akanuna.

Hakuna ninayempakia. Kazi yangu inanuka. Nguo zinanuka, kucha zinanuka, nikipanda daladala mtu anasogea. Jua linanipiga tangu asubuhi. Lipstiki ndiyo kitu pekee nilichovaa ambacho siyo cha kazi. Nikiinama kwenye chanja naijua ipo.

Dada wa Mwanga, wewe wanakuuliza kwa nini hujapaka. Mimi wananiuliza kwa nini nimepaka. Naona wanaouliza ni walewale.

BintiWaMwanga:

Mama Dagaa. Sina la kuongeza kwa leo, wacha nilale nalo.

Bila Picha Haijakamilika:

Mleta uzi weka picha mbili, kabla na baada, tutoe hukumu ya haki.

BintiWaMwanga:

Picha ndiyo iliyoniponza mpaka nikafika humu. Sitaki.

Mjukuu wa Ujiji:

Nataka nimtetee shangazi, maana naona anachekwa tu.

Dada, mimi nimelelewa na bibi, Ujiji ndani ndani. Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Siku hizo zote hatii wanja, hapaki hina, hajifukizi udi, hajipaki manukato. Kwa hiyo macho matupu pale kwetu yanasema kitu. Bibi yangu akimwona mwanamke wa makamo njiani hana wanja, alikuwa anashusha sauti kabla hata ya kusalimia, na sisi watoto tukiwa na kelele tunakanyagwa mguu tunyamaze. Na upande wa pili ni hivyo hivyo: bi harusi anasingwa, anapakwa liwa, anapakwa dalia, anapigwa hina mikono na miguu, somo yake, yaani kungwi wake, yupo naye ndani. Hata mzazi aliyetoka arobaini unamjua kwa wanja na harufu ya udi. Mtu alikuwa anapita tu mtaani na wewe umeshajua yuko kwenye hali gani ya maisha, umpe pole au umpe hongera.

Shangazi yako hakuwa anafanya umbea. Alikutana na macho matupu ya mtoto wa kaka yake, akaogopa, akapiga simu. Na alishusha sauti. Huoni ni adabu hiyo?

BintiWaMwanga:

Hii sikuwa nimeifikiria kabisa. Sisi upande wa baba ni Waislamu, mimi nimekulia kwa mama, kanisani, nikakosa mafunzo ya huko. Nitampigia. Ila bosi hana bibi wa Ujiji, huyo bado namdai jibu.

Msabato wa Kasulu:

Mimi nimezaliwa Kasulu, nyumba ya Wasabato ya zile zenyewe. Hereni hakuna, lipstiki hakuna, rangi ya kucha usiitaje. Kwa hiyo nilifika chuo sijui hata kuchonga nyusi.

Lakini msidhani tulikuwa tunatoka bila kitu usoni! Kwetu ilikuwa mafuta ya mise. Kwa wasiotoka huku: mawese yanatoka kwenye nyama ya tunda la mchikichi, mise inatoka kwenye kokwa yake, wanaikaanga ndiyo ikatoa yale mafuta meusi yenye harufu ya kuungua. Yanapakwa kichwani, usoni, miguuni, mpaka mtoto anang'aa barabarani. Ukijaribu kutoka umepauka, mama anakurudisha ndani kwa jina lako kamili. Mtoto aliyepauka ni aibu ya nyumba. Na kanisani wasichana tulikuwa tunaangaliana kisawasawa nani kang'aa zaidi, nani kaweka nywele vizuri zaidi, nani gauni lake limepigwa pasi mpaka kola inakata. Hatukuwa na lipstiki ila mashindano tulikuwa nayo yote.

Siku hizi nipo Dar, napaka lipstiki siku za kazi. Sabato nafuta. Siyo woga, najisikia tu nikiwa pale niwe nilivyokuwa.

Mpambaji Ujiji:

Msabato umenikumbusha. Mise mpaka leo nawashauri wateja wenye ngozi kavu, wapake usiku kabla ya kuja. Asubuhi wanawe vizuri tu, maana harufu ya mise na harufu ya manukato ya harusi hazijawahi kupatana.

Mzee wa Reli:

Vijana mnazungumza utadhani jambo hili limeanza na simu zenu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969. Ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kubadili rangi ya ngozi, na suruali za kubana kwa wanaume. Utamaduni wa taifa, tuliambiwa. Dar es Salaam vijana walikuwa wanazunguka kukamata dada zetu, wengine wakanyanyaswa vibaya. Juzi juzi tena, Septemba 2018, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akawapiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni. Safari hii sababu ilikuwa afya.

Sababu zinabadilika. Ila nimeishi vya kutosha kugundua kwamba kila likija agizo la uso wa mwanamke, msomaji wa agizo ana ndevu.

Jembe la Gungu:

Mzee na wewe una ndevu.

Mzee wa Reli:

Ninazo, na zimepigwa rangi. Muulize kinyozi. Marehemu mke wangu alipenda poda na nilikuwa namnunulia mwenyewe Tabora treni ikisimama. Sikuwahi kumuuliza ya nini.

Nesi wa Zamu:

Nilikuwa napita tu, ila kuna watu wanachanganya mambo mawili na mimi ndiye ninayewapokea dirishani, kwa hiyo nisikilizeni.

Mekapu ni ya kuosha. Ukirudi nyumbani unanawa, umekuwa yule yule. Mkorogo hauoshwi. Hizo krimu za kung'arisha zina haidrokwinoni, au zebaki, au steroidi kali, wakati mwingine zote kwenye kopo moja. Haidrokwinoni ukiitumia muda mrefu inaweza kukugeuka, uso ukatoka madoa ya bluu-nyeusi ambayo ni magumu sana kuondoka. Steroidi inalainisha ngozi mpaka inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, kidonda kinachelewa kupona. Nimeona mama kafanyiwa upasuaji na mshono unasumbua kwa ajili hiyo. Zebaki inaingia mwilini na inaharibu figo, na mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Kwetu krimu zenye hivyo vitu zimepigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia TBS, shirika la viwango, kabla ya hapo ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Zebaki hata nje imekataliwa: nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba ikifika 2025 isiwepo kwenye kipodozi chochote. Lakini meza za sokoni mnazijua. Kopo halina jina la mtengenezaji, halina orodha ya vilivyomo, na muuzaji anakuambia "hii siyo kali." Acha hapo hapo mezani.

Sasa kwenye mekapu yenyewe. Maskara ukiifungua, miezi mitatu, tupa, hata kama haijaisha. Usichangie wanja wala brashi za macho na mtu, hata dada yako. Mnakumbuka macho mekundu ya Januari 2024 yalivyopita nchi nzima? Wapambaji, mnaosha brashi zenu lini?

Na wanja wa watoto wachanga, hapa nitagombana na mabibi. Baadhi ya ule wanja wa jiwe unasagwa kutoka kwenye madini ya risasi. Mtoto anajifuta macho, anaweka mkono mdomoni. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kama ni kumkinga na jicho baya, tafuteni njia nyingine.

La mwisho, piko. Hina halisi inatoa rangi ya kahawia au nyekundu. Ile nyeusi mnayochorwa ikakauka haraka ni rangi ya nywele, inaweza kuunguza ngozi ikatoa malengelenge. Kinyozi na wewe, mteja akisema kidevu kinamuwasha, usimwambie "itazoea."

Mpambaji Ujiji:

Nesi, brashi naosha kila baada ya mteja kwa sabuni, nakausha. Wale wa kuosha mwisho wa mwezi wajibu wenyewe.

Kinyozi wa Katubuka:

Nimeelewa nesi. Hiyo "itazoea" nimeisema sana.

Sista wa Mwandiga:

Mimi kilichonifungua macho ni Alicia Keys, yule mwanamuziki wa Marekani. Mwaka 2016 alitangaza ameacha mekapu, akaenda hadi kwenye tuzo za MTV uso mtupu. Nikasema kama yeye ameweza, mimi wa Mwandiga nashindwaje.

Nimekaa Dirishani:

Kahawa imeisha lakini hili siliachi. Sista, huyo huyo mwaka 2020 akazindua bidhaa zake za kutunza ngozi. Uso mtupu wa tajiri una bajeti nyuma yake: wataalamu wa ngozi, chakula, usingizi, kivuli. Umlinganishe na Mama Dagaa juani Kibirizi?

Sista wa Mwandiga:

Sijamlinganisha na mtu. Nimesema alinipa moyo. Moyo nao hauruhusiwi?

Mapokezi Mstaafu:

Mleta uzi, nitakwenda kinyume na wengi. Nimefanya kazi za mbele, hotelini na kwingine, miaka mingi kabla hujazaliwa pengine. Mapokezi ni kazi ya uso. Mgeni akiingia cha kwanza anachokiona ni wewe. Tulifundishwa kusimama, kutabasamu, kushika simu, na kujipaka. Hakuna aliyeuliza tunajisikiaje. Bosi wako pengine hajui kulisema vizuri ndiyo maana akakimbilia malaria. Ukitaka uso wako uwe wako peke yako, omba uhamishiwe masjala.

BintiWaMwanga:

Nashukuru mama kwa kusema wazi, bora wewe kuliko wanaonipa pole. Na kweli bosi jana alilitamka lenyewe: "mapokezi ndiyo sura ya ofisi."

Nikaenda kusoma mkataba wangu. Umeandika muda wa kuingia, umeandika mavazi nadhifu. Nipo nadhifu. Nimeoga, nywele zimesukwa, sare imepigwa pasi, uso umepakwa mafuta unang'aa (mise, ndiyo, usiku, nimefuata ushauri). Mwenzangu wa kiume tunayekaa naye meza moja anakuja na viatu vya tope la Mwanga la juzi na hakuna aliyemuuliza kama anaumwa.

Nimeongea na shangazi pia. Alicheka sana, akasema nilimtisha, akaniambia nipake hata wanja tu siku nikienda kwake ili majirani wasije na makawa ya msiba. Hilo nitafanya, kwa ajili yake. Ofisini sipaki. Siyo kwamba nimeapa, labda mwezi ujao nitaamka na hamu ya lipstiki ya Mama Dagaa nikapaka, na wakiniuliza nimeolewa tena, sitawajibu.

Ila mama mstaafu, sare yangu ofisi ndiyo iliyoishona. Peni wananipa, simu wananipa. Kama uso nao ni kifaa cha kazi, mbona foundesheni nanunua mimi?

Mapokezi Mstaafu:

Hapo umenishika mwanangu. Sisi hotelini walikuwa wanatugawia poda. Nilikuwa nimesahau. Basi wadai posho.

Mama Dagaa Kibirizi:

Posho ya poda? Na sisi wa mwaloni tuandikeni kwenye hiyo orodha.

Kinyozi wa Katubuka:

Ya blaki ya ndevu inalipwa na nani? Jembe njoo ujibu.